Gari la Spoti la Bei Nafuu kwa Mkazi wa Tanga: Lipi Litangulie, Lipi Lisubiri

Anayetafuta gari la spoti kwa fedha za mtu wa kawaida hapa Tanga huanza, mara nyingi, kwa kuuliza lina nguvu za farasi ngapi. Swali hilo lina uzito mdogo kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu njia zetu zina namna yake ya kuzima nguvu. Kuanzia mjini hadi Segera, na kuanzia Segera ukishika njia ya Chalinze, vijiji vimefuatana, na kila penye kijiji pana kibao cha kilomita 50 kwa saa, pana matuta, na si ajabu pakawa na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo kivulini. Katika safari ya namna hiyo mwenye farasi 250 hampiti mbali mwenye farasi 130, isipokuwa kwa kiasi cha petroli alichochoma. Kinachobaki cha kufurahia ni wepesi, yaani gari linaloingia kwenye kona bila kulalia upande, linaloshika breki mapema na kuitika usukani papo hapo. Mahali pa kuuonja wepesi huo tunapo: ni kile kipande cha lami kinachopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, ambako kona zimebanana kiasi kwamba dereva mwenye akili zake hawezi kwenda kasi hata akitaka.

Kwa sababu hiyo nimeyapanga magari haya kwa kuangalia kwanza uzito, kisha spea na fundi, kisha namna yanavyostahimili matuta na hewa ya chumvi. Bei ya kununulia nimeiweka nyuma kwa makusudi, kwani gari la spoti humshinda mtu katika mwaka wa pili, si siku ya kulipia.

Nafasi ya kwanza naipa Suzuki Swift Sport, na najua wapo watakaoguna kwamba hicho ni kigari cha kwendea sokoni. Toleo lililotoka mwaka 2005 lina injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 125. Lililofuata kuanzia mwishoni mwa 2011 lilifikishwa farasi 136 na kupewa gia sita. Na la 2017 lilibadilishiwa injini likapata ya lita 1.4 yenye taboni (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), farasi 140, katika gari lenye uzito wa kilo 970 tu. Kwa mnunuzi wa Tanga, matoleo mawili ya mwanzo ndiyo yenye maana zaidi. Injini yao, M16A, ndiyo iliyofungwa pia katika baadhi ya Suzuki Escudo za lita 1.6, gari ambalo mafundi wetu wamelifungua na kulifunga kwa miaka mingi, hivyo hutakuwa mtu wa kwanza kumpelekea fundi kitu asichokijua. Inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, na hilo linakupunguzia gharama moja inayosahaulika kirahisi. Milango mitano ya toleo la 2005 inamfaa mwenye watoto, na kiti cha nyuma kinakalika.

Kasoro zake zipo. Springi zake zimekazwa kuliko za Swift ya kawaida, kwa hiyo kila tuta utalihisi kiunoni, na bampa la mbele limeshuka kiasi cha kukwaruza ukilishukia tuta kavukavu. Buti ni dogo. Mifuko miwili ya mchele na begi moja, basi. Jambo la kuangaliwa zaidi ni gia: baadhi ya magari ya toleo la pili yanakuja na CVT, sanduku la gia lisilo na hatua, ambalo linahitaji mafuta ya aina yake peke yake. Fundi akilitilia mafuta ya gia za kawaida, ameliua. Ukipata lenye klachi na gia za mkono, lichukue hilo, kwa usalama na kwa raha pia.

La pili ni Toyota 86, pamoja na pacha wake Subaru BRZ, yaliyoingia sokoni mwaka 2012. Kama ningepanga kwa raha ya kuendesha peke yake, hili lingekuwa la kwanza bila mjadala. Lina farasi 200, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito wake ni kama kilo 1,230. Injini yake ya lita 2.0 imelazwa, silinda zikitazama ubavuni, na kwa hiyo uzito wote umekaa chini. Ukilipandisha Soni kwa gia ya pili na ya tatu utaelewa kwa nini watu hulisifu: mkia hausumbui, usukani unakueleza tairi la mbele linafanya nini, na huhitaji kuvunja sheria yoyote ili ufurahi.

Lakini injini hiyo iliyolala ndiyo pia chanzo cha taabu. Kubadilisha plagi tu, kazi ambayo kwenye gari la kawaida ni ya dakika chache, hapa ni ya kuingiza mkono kati ya chesisi na kichwa cha silinda, na fundi asiye na subira atavunja kitu. Tena, magari yaliyotengenezwa mwaka 2012 na 2013 yaliitwa kiwandani mwaka 2018 kwa sababu ya springi za valvu zilizoweza kukatika, na kuzibadilisha kulihitaji injini ishushwe. Ukiuziwa la miaka hiyo, dai uthibitisho kwamba kazi ilifanyika, na umsikilize anayelijua gari hilo kabla ya kulipa. Mimi ningeanzia 2014. Kumbuka pia kwamba liko sentimita 13 tu kutoka ardhini, na kwamba viti vyake vya nyuma ni vya jina. Mtu mzima hakai hapo hadi Muheza.

Toyota Altezza inashika nafasi ya tatu, ingawa kwa umaarufu ndiyo ya kwanza mjini. Ni gari la milango minne, linabeba familia, spea zake zipo, na dashibodi yake, ambamo geji ndogo zimepangwa ndani ya kubwa kama saa ya mkono ya kifahari, bado inavutia. Toleo la RS200 lenye gia sita za mkono lina injini ya 3S-GE ya farasi 210; AS200 ina silinda sita na farasi 160, ni laini zaidi lakini inakunywa na haina haraka. Zote mbili zinatumia mkanda, unaobadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji asiyeweza kusema ulibadilishwa lini umhesabu kuwa haujabadilishwa. Tatizo kubwa ni umri. Utengenezaji ulikoma 2005, na nyingi zilizobaki zimepita mikononi mwa vijana wengi: springi zimekatwa ili gari lilale, ekzosi imetobolewa, injini imebadilishwa. Altezza isiyochezewa ni gari zuri mno, na ukiipata usibishane sana bei.

Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5, imekuwepo tangu 1989 na ni jepesi kuliko mengi katika orodha hii. Nimeishusha hadi nafasi ya nne kwa sababu ya pwani yenyewe. Paa lake la turubai huchakaa kwa jua, na maji ya mvua hupita kwenye vijitundu vya pembeni nyuma ya viti. Vikiziba kwa majani na vumbi, maji hutuama ndani ya vizingiti vya milango na kutu huanzia mahali usipopaona. Masika moja inatosha kuanzisha ugonjwa huo. Ongeza viti viwili tu, buti finyu, na toleo la 2015 lisilo na tairi la akiba bali dawa ya kuziba pancha, kisha jiulize utafanya nini tairi likichanika kati ya Segera na Mkata. Kwa aliye na gari jingine nyumbani na banda lenye paa, ni jambo jingine.

Subaru Impreza WRX nailaza mwisho. Taboni na mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne vinataka mwenye mfuko, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zimeshachoka gasketi. Toyota Mark X sikuiweka kabisa: ni gari la heshima, lakini ni zito, na injini yake ya lita 2.5 inavuka cc 2,000 (lita 2.0), mpaka ambao Mamlaka ya Mapato (TRA) huutazama inapokadiria ushuru wa bidhaa.

Hapo ndipo hesabu ya kuagiza inapoingia. Umri wa gari nao una ushuru wake wa uchakavu, unaoanza likifikia miaka kama minane na kupanda likizidi 10, kwa hiyo Altezza au Swift ya 2005 ni afadhali uinunue ikiwa tayari nchini, ilhali kwa 86 ya karibuni inafaa kulinganisha njia zote mbili. Ukiagiza, omba karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha hali na daraja la gari. Herufi R mahali pa daraja maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Epuka lililotoka mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, maana litakuja Raskazone likiwa limeshaanza kuliwa.

Ukinunua mkononi, usiridhike na rangi. Lipeleke gereji yenye shimo, uangalie kwa tochi mabomba ya breki, sehemu za kuwekea jeki na boliti zinazoshika injini, na uzikwangue kwa bisibisi palipovimba. Kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ya gari, hasa kwa Altezza, na zikipishana muuzaji airekebishe kadi yeye kwanza kwa jina lake kabla fedha hazijatoka mfukoni mwako.