Chuo cha MIOME, Tudor: jengo la kwenda kulitazama

Wageni wengi wa Mombasa huishia Fort Jesus. Mimi nikipata mgeni humpeleka Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu bado wanakiita Mayomi, yaani MIOME, kifupi cha jina lake la kwanza: Mombasa Institute of Muslim Education.

Jengo kongwe ni la kuba na matao, kama msikiti, kumbe ndani walifundishwa umeme, makanika na useremala! Mchango mkubwa ulitoka kwa Aga Khan na Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 mlango ukafunguliwa kwa wote, 1972 ikawa politekniki, 2013 chuo kikuu.

Mimi ni fundi mwashi, kwa hiyo macho yangu huenda kwenye matao. Simama kando ya moja saa za alasiri, kivuli chake kitakuonyesha mkono wa aliyelijenga. Majengo ya baadaye, ya kimraba, nayapita tu. Nyota tano. Ila ni chuo kinachofanya kazi: omba ruhusa langoni kwanza.