Nyota mlizoniomba hizi hapa

Jana gereji iliyonitengenezea gari wamenitumia meseji: "Mteja wetu mpendwa, huduma yetu umeionaje? Tupe nyota." Wallahi nilikuwa nimeshasamehe. Nilikuwa nimeamua yaishe. Sasa kwa kuwa wameuliza wenyewe, wacha niwajibu.

Gereji siitaji jina. Iko huku huku kwetu Sinza, ina vigae sakafuni na mashine ya kahawa. Nilipeleka gari likivuma tairi la mbele kushoto, ule mvumo wa beringi iliyokwisha. Wakabadilisha, mvumo ukaisha, nikalipa, nikashukuru. Sijafika hata Shekilango, taa mbili zikawaka kwenye dashibodi: ile ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande ukikanyaga breki) na ile yenye kigari kinachoteleza.

Kesho yake nikarudi. Akaja fundi wa kompyuta, kijana wa miwani, akachomeka mashine yake chini ya usukani. Nilikuwa na mpwa wangu, kamaliza kidato cha nne juzi juzi, hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Basi yule fundi maelezo yote anampa mpwa wangu! Mwenye gari mimi, mwenye pochi mimi, nimesimama pale kama mzigo uliosahauliwa stendi. Nikauliza, "Kaka, kodi inasemaje?" (Kodi ya kosa, siyo ya TRA.) Akamgeukia mpwa: "Mwambie mama haya ni mambo ya umeme, asijichoshe."

Mwambie mama. Na mama yuko hapo hapo, nusu mita!

Nikachungulia mwenyewe. Kosa lilianza na herufi C, yaani liko upande wa chasisi, kwenye mambo ya breki na usukani, siyo injini. Sensa ya mwendo, yaani kile kidude kinachopima tairi linazunguka kasi gani, tairi la mbele kushoto. Tairi lile lile walilolifungua jana yake. Mimi ni mwalimu wa hesabu, ufundi sijui, lakini hesabu hiyo mbona nyepesi?

Wakaweka sensa nyingine, 150,000. Taa zikazimika pale pale, maana walifuta kosa, na gari lililosimama halina cha kulalamikia. Nikatembea mita mia mbili, taa hizo. Mara ya tatu ndipo wakatamka: "Boksi la ABS, yaani kompyuta yake, limekufa. La mtumba 1,400,000." Limekufa lini? Siku naleta gari lilikuwa zima! "Dada, mashine haidanganyi."

Nikaondoka na taa zangu. Siku chache baadaye mvua inanyesha, niko Barabara ya Mandela, daladala mbele yangu ikaona abiria. Nikakanyaga. Breki zilishika, hilo niseme kweli, kwa sababu ABS ikijizima breki za kawaida zinabaki. Kilichokosekana ni kule kuachia na kushika, kuachia na kushika kwa haraka, kunakofanya tairi liendelee kuzunguka ukaweza kukwepa. Tairi ziliganda. Nikakata usukani, gari likaendelea na safari yake moja kwa moja kama limepakwa sabuni. Ilibaki kama kiganja tu niingie kwenye bampa ya watu.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mzee mmoja Tabata. Banda la mabati, mbuzi wa jirani wamelala kwenye kivuli cha lori, kahawa hakuna. Mzee hakubadilisha kitu. Akashika tableti yake iliyopasuka kioo, akasema, "Mwanangu, wewe endesha taratibu, mimi nisome." Tukazunguka mtaa. Tairi tatu zinasoma kilomita 24, 25, 24 kwa saa. La mbele kushoto: sifuri. Sifuri, na gari linatembea! Tuliporudi akapima waya kwa mita ya umeme, kutoka kwenye sensa mpaka kwenye boksi, mzima. Sensa nayo inapata umeme wake. Akasema basi sensa haina tatizo, ila haioni cha kuhesabu.

Akanieleza mimi, siyo mpwa. Beringi nyingi za siku hizi zina pete ya sumaku upande mmoja, imejificha kwenye mpira mweusi, na sensa inahesabu hizo sumaku zikipita mbele yake. Ukiigeuza beringi, tairi litazunguka vizuri tu, wala halivumi, lakini sensa inabaki kukodolea chuma kitupu. Akaitoa kwa presi, akainyunyizia vumbi la chuma la grainda. Upande uliokuwa umeangalia nje, vumbi likajipanga mistari mistari kama meno ya kitana. Upande wa sensa likadondoka lote.

Beringi mpya na ufundi, 130,000. Boksi lile lile "marehemu" linafanya kazi mpaka leo. Hata taa ya kuteleza ilizimika, maana mfumo huo unategemea sensa hizo hizo za tairi.

Kwa hiyo nyota? Sifuri, kama lile tairi.

Haya, ngoja. Kugeuza beringi kunatokea, hata mzee alikiri kuwa ujanani aligeuza moja. Na AC yangu waliitengeneza hao hao, mwaka juzi huko, mpaka leo nikiwasha natafuta kanga. Nilishafikiria kuwapa mbili. Hata tatu, kwa ajili ya kijana wa kuosha magari aliyeniletea kiti. Lakini kila nikifika hapo nasikia "mwambie mama"... Hapana. Moja, na hiyo ni ya kijana wa kiti.

Halafu nimepiga simu kudai sensa yangu ya kwanza, ambayo sasa tunajua ilikuwa nzima. Wanasema walishaitupa. Sensa nzima, Dar es Salaam hii, itupwe? Na soko la vipuri la Gerezani liko pale pale? Napita Jumamosi. Mpwa atabaki nyumbani.