Kozi ya Confucius kwa mabosi: somo la 3 tamu, somo la 5 limenikera

Nimemaliza juzi hii kozi ya mtandaoni ya uongozi wenye maadili kwa mafundisho ya Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, masomo 8, kila somo video mbili tatu na kwizi. Jina silitaji ila ziko nyingi na zinafanana, kwa hiyo kama unafikiria kulipia mojawapo soma kwanza.

Historia wamepita nayo mbio na mi sioni shida. Confucius kazaliwa 551 KK dola ya Lu, sa hivi ni Shandong huko China, kafariki 479 KK, na Lunyu, yale mazungumzo yake, hakuyaandika ye, waliyakusanya wanafunzi na waliokuja nyuma yao. Miaka mingi alizunguka dola kwa dola akitafuta mtawala wa kumsikiliza na hakumpata wa maana, yaani mshauri wa uongozi asiye na wateja, na leo ndo anauziwa mameneja, nimecheka peke yangu.

Somo la 3 ndo limenirudishia hela yangu. Zigong, mwanafunzi wake ambaye pia alikuwa mfanyabiashara mzuri tu, anamuuliza utawala unahitaji nini, anajibiwa chakula cha kutosha, silaha za kutosha, na imani ya watu. Haya, ikibidi kuacha kimoja? Silaha. Na kingine? Chakula, maana kufa watu wamekufa tangu zamani, ila wasipokuamini husimami. Hapo mwalimu anasimamisha video anakwambia andika biashara yako ikiyumba utakata nini kwanza na nini mwisho. Mi nikaandika haraka haraka, nikaangalia karatasi, kuaminiwa na wafanyakazi nimekuweka namba tano, chini ya matangazo. Nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Somo la 4 ni la Wajapani. Shibusawa Eiichi (1840 hadi 1931), mfanyabiashara aliyehusika na kampuni kama 500 na akashikilia kwamba Lunyu na abakasi, kile kifaa cha shanga cha kupigia hesabu, vinakaa meza moja, yaani maadili na biashara, tangu 2024 sura yake iko kwenye noti ya yeni 10,000. Halafu Inamori Kazuo, mfanyabiashara mwingine, kalichukua shirika la ndege la Japan Airlines 2010 lilipofilisika, ana miaka 78, bila mshahara, na 2012 kampuni ikarudi soko la hisa. Stori nzuri sana, ila kozi inaisimulia kama vile maadili peke yake ndo yaliinyanyua ile ndege, wakati serikali iliingiza pesa, madeni yakafutwa na maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Wangeyasema na hayo, maana swali gumu ndo liko hapo, unawapunguzaje watu na bado uwe mwadilifu? Kimya.

Sasa somo la 5. Jamani. Somo zima ni heshima kwa mkubwa, kampuni ni familia, mdogo atulie, na mwisho unamaliza ukidhani Confucius alikuwa afisa utumishi. Nimewahi kuwa na bosi wa hivyo, kila kikao sisi ni familia sisi ni familia, ikifika siku ya kulipa ovataimu undugu umeisha. Na ukiisoma Lunyu yenyewe, Zilu, mwanafunzi wake mwingine, anauliza mtawala anatumikiwaje, anaambiwa usimdanganye, na umpinge usoni kwake. Kuna pale pengine anasema mkuu akinyooka mambo yanaenda hata bila amri, asiponyooka hata akiamuru hawamfuati. Mzigo ni wa bosi kwanza! Hiyo nukuu ya pili wameiweka kwenye slaidi kama pambo, maua pembeni, hakuna aliyeielezea, na ile ya Zilu haipo kabisa. Kama umetumwa na ofisi kusoma hii kozi jiulize kwa nini wamependa somo hili.

Kitu kingine, sabtaito. Kuna neno la Kichina li la adabu na taratibu, na kuna li lingine la faida, kwa Kichina maandishi ni tofauti kabisa ila kwa herufi zetu zinaandikwa sawa. Confucius anasema mtu muungwana anaelewa haki, mtu mdogo anaelewa li, yani faida, lakini somo la 2 lilishakufundisha li ni adabu bila kukwambia zipo mbili, kwa hiyo unabaki unajiuliza mtu mdogo ana kosa gani akiwa na adabu. Nimerudia hiyo video mara tatu nikidhani ni mimi.

Kwizi za kitoto, cheti unapata hata ukibahatisha. Nyota 3 kati ya 5, na zote tatu ni za somo la 3. Sapoti niliwaandikia kuhusu zile li mbili wakanijibu siku hiyo hiyo, asante kwa maoni yako, na jana nimeingia kuangalia, bado ziko vile vile.