Nyimbo 26 za Gizani: Uchambuzi wa Orodha ya Shabiki wa Evangelion Hapa Goma

Karibuni tena, ndugu watazamaji, ninyi mlioko hapa Goma na ninyi mnaotufuata kutoka Bukavu, Beni na kwingineko. Leo sichambui simu wala visikilizio vya masikioni kama mlivyonizoea. Nachambua orodha ya nyimbo, iliyopangwa na kijana mmoja wa mtaa wa Katindo kwa mapenzi yake mwenyewe, bila kulipwa na mtu, kutokana na katuni ya Kijapani iitwayo Neon Genesis Evangelion. Nimeisikiliza mara 4 kutoka mwanzo hadi mwisho, mara 2 kwa spika ya chumbani na mara 2 kwa visikilizio. Nina mengi ya kusema, kwa sababu ndani yake kuna kazi nzuri sana, na kuna sehemu moja ndefu ambayo, kwa maoni yangu, imepotea njia.

Kwa asiyeijua, Evangelion ilionyeshwa kwenye televisheni ya Japani kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi tarehe 27 Machi 1996, vipindi 26, chini ya mwongozaji Hideaki Anno. Inasimulia habari za watoto wa miaka 14 wanaopandishwa ndani ya majitu ya vita ili wapigane na viumbe wanaoitwa Malaika, huku watu wazima waliowatuma wakibaki chini ya ardhi mbele ya skrini zao. Watazamaji wa mji huu hawahitaji nieleze zaidi maana ya mtoto kubebeshwa vita vya wakubwa. Nitataja matukio kadhaa ya mwisho, kwa hiyo ambaye hajafika kipindi cha 24 na hataki kujua kinachotokea, asimamishe video hapa na arudi baadaye.

Tuanze na jalada. Nasogeza simu karibu na kamera ili muone vizuri. Katika katuni yenyewe, kila kipindi kina kibao cha jina chenye herufi nene nyeupe juu ya weusi mtupu, nyingine zimelala, nyingine zimesimama wima pembeni, zote zimebanana kana kwamba zinagombea nafasi. Kijana wetu amechukua jiwe la volkano, lile jiwe jeusi lenye vitundu tunalojengea kuta, akaandika juu yake kwa chaki kwa mpangilio uleule, kisha akalipiga picha mchana wa jua kali. Tazameni hapa: unga wa chaki umeingia ndani ya vitundu, na herufi ya mwisho imekatika pale jiwe linapoishia. Hakuirekebisha picha hata kidogo, na alifanya vyema kuiacha hivyo.

Orodha ina nyimbo 26, kila moja kwa kipindi chake, na inachukua saa 1 na dakika 52. Lipo faili la mega 108 kwa wenye simu ndogo, na lingine la mega 270 hivi lenye sauti bora. Mkiweza, chukueni lile kubwa, kwa maana katika lile dogo matoazi yanasikika kama karatasi inayokunjwa na sauti za juu za fidla zinachuja. Mafaili yote mawili hupitishwa kwa Bluetooth au kwa kadi ya memori, ndivyo yalivyonifikia mimi, na hayahitaji intaneti wakati wa kusikiliza.

Sasa tuingie katika kiini chenyewe. Watu wengi wakiambiwa kwamba katuni fulani ni ya giza, hudhani muziki wake lazima uwe wa kishindo na wa kutisha. Evangelion ilipita njia nyingine. Ilifunguliwa kila mara na wimbo mchangamfu wa Yoko Takahashi, ambao ungeweza kupigwa harusini na watu wakasimama kucheza, na ikafungwa kwa wimbo wa zamani wa Kimarekani uliotungwa na Bart Howard mwaka 1954, wimbo wa mapenzi unaotaja mwezi, ukiimbwa kwa namna tofauti katika vipindi tofauti. Mtunzi wa muziki wa ndani, Shiro Sagisu, anazo ngoma kubwa zinazopiga wakati wa maandalizi ya vita, lakini mambo yanapoharibika kabisa mara nyingi utasikia muziki mzuri, au hutasikia kitu chochote. Giza la katuni hii linatokana na masikio kubembelezwa wakati macho yanaumizwa. Mpangaji wa orodha hii ameyaelewa hayo vizuri kuliko mashabiki wengi niliowahi kuwasikia, na ndiyo maana pale alipoyasahau niliumia.

Wimbo wa kwanza si wimbo. Aliyetazama Evangelion atakumbuka sauti ya nyenje inayosikika karibu kila mahali: katika hadithi, maafa ya mwaka 2000 yameyeyusha barafu ya Ncha ya Kusini, na tangu hapo Japani imebaki katika kiangazi kisichokwisha. Sauti hiyo inatuambia kwamba dunia imeharibika, ingawa wahusika wameshaizoea na hawaisikii tena. Kijana wetu alitafuta sauti ambayo sisi nasi tumeacha kuisikia, akarekodi jenereta ya dukani wakati wa magharibi. Inanguruma kwa sekunde 40, kisha inazimwa, na hapo ndipo mnaposikia mbwa, gurudumu la chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, likipita juu ya mawe, na mama mmoja akimwita mtoto arudi nyumbani. Jina la mtoto halisikiki vizuri. Mara ya kwanza nilidhani ni jenereta ya jirani yangu, nikaondoa kisikilizio kimoja ili nihakikishe.

Nyimbo zinazofuata, mpaka ya 14, nitazipitia haraka kwa sababu zimechaguliwa vizuri na hazina utata. Wa 5 ni ule wimbo wa kufungia, na unarudi tena wa 23 kwa sauti nyingine. Walioitazama katuni katika toleo lililosambazwa mtandaoni mwaka 2019 huenda wasiutambue, kwani katika nchi nyingi uliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kipande cha piano. Kuurudisha hapa ni huduma ya kweli. Wa 15 ni selo peke yake, utangulizi wa mfululizo wa kwanza wa selo wa Bach, ule ambao Shinji, mvulana ambaye ndiye mhusika mkuu, anaupiga katika kipindi cha 15 akidhani yuko peke yake nyumbani. Ni mahali pa kupumzika, na mpangaji amejua kuuacha bila nyongeza.

Kisha tunaingia katika nyimbo za 16 hadi 20, na hapa ndipo ninapotofautiana naye. Ametuwekea vipande vitano mfululizo vya magitaa ya umeme yanayounguruma, sauti za kupayuka na midundo ya kompyuta yenye huzuni nzito. Ukisikiliza kimoja peke yake, ni kizuri. Vikifuatana kwa takriban dakika 25, sikio linachoka, na mtu anaacha kuogopa. Chukueni wimbo wa 16, ambao ndio mwanzo wa kosa. Katika kipindi cha 16 Shinji anamezwa na kivuli, na badala ya vurugu tunampata ameketi ndani ya behewa la treni, katika mwanga wa jua linalozama, akizungumza na nafsi yake kwa sauti ya chini. Ni moja ya sehemu tulivu kuliko zote, na ndiyo maana inatisha. Kuweka magitaa ya vita juu ya kumbukumbu hiyo ni sawa na kuwasha taa chumbani mwa mtu anayesali. Nilimwandikia nikamwambia hivyo, kwa heshima. Alinijibu kwamba alihofia wasikilizaji wangechoka na upole. Naelewa hofu yake, lakini naomba awaamini wasikilizaji.

Wimbo wa 21 unamrudisha njiani, tena kwa hatua ndefu. Kipindi cha 21 kinamhusu mzee Fuyutsuki, aliyefungwa kwenye kiti gizani, akikumbuka miaka aliyokuwa profesa na watu aliowapenda kabla ya maafa. Kijana wetu amemwekea mzee huyo rumba ya zamani ya Kongo, ya enzi za sahani za santuri. Wapo watakaosema rumba haihusiani na Japani. Mimi naona inahusiana kwa njia iliyo wazi, kwa kuwa wimbo wa kufungia katuni nao mara nyingi umepigwa kwa mwendo wa bosanova ya Brazili, na rumba yetu ilikua kwa kusikiliza sahani zilizotoka Kuba kabla ya kuwa urithi wetu uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2021. Mwendo wa nyimbo zote mbili ulivuka bahari ileile.

Lakini uzuri halisi uko mahali alipoukata. Mnajua jinsi rumba inavyokwenda: sehemu ya polepole, mwimbaji analalamika kwa ustaarabu, magitaa yanasubiri, halafu inakuja sebene, ile sehemu ya kasi ya magitaa, na kila aliyeketi anainuka. Mkongomani yeyote anayesikiliza sehemu ya kwanza tayari ana sebene miguuni mwake. Kijana huyu anatupeleka mpaka ile noti ya mwisho ambapo gitaa la soli linajiandaa kuruka, na hapohapo anakata. Sebene haiji. Mnabaki na mwili uliojiandaa kwa furaha isiyofika, na hiyo ndiyo hali ya mzee Fuyutsuki hasa. Nimempigia dada yangu kipande hiki bila kumweleza chochote kuhusu katuni, naye akauliza, «Mbona umezima?» Nikamwonyesha simu ikiendelea kuhesabu sekunde za ukimya.

Wimbo wa 22 utawagusa wengi wenu mlio katika kwaya. Ni Haleluya ya Händel. Katika kipindi cha 22 Malaika anamwangazia Asuka, msichana mmoja wa wale watoto wapiganaji, mwanga kutoka angani, mwanga unaoingia akilini mwake na kufukua kila alichokificha tangu utotoni, na wakati wote huo kwaya inaimba Haleluya kwa nguvu zote. Mimi mwenyewe nimeuimba wimbo huu Krismasi nyingi, sauti ya teno, nikiwa nimesimama na wenzangu kanisani, kwa hiyo nilisita kuusikia hapa. Wapo watakaoona ni kufuru, nami siwabezi. Mpangaji amechagua rekodi safi ya okestra na kwaya, hakuichafua kwa mwangwi wala kelele, na kwa uamuzi huo ameuheshimu wimbo na ameiheshimu katuni pia. Kinachotisha ni kwamba wimbo uko salama kabisa, na msichana hayuko salama.

Wa 24 ni Beethoven, sehemu ya kwaya katika Simfonia ya Tisa, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1824. Wajapani wana uhusiano wa pekee na kazi hii. Mwaka 1918 wafungwa wa vita wa Kijerumani waliipiga yote wakiwa kambini Bando, na siku hizi kwaya za Japani huiimba kila Desemba kuaga mwaka. Mtazamaji wa Kijapani aliposikia furaha hiyo katika kipindi cha 24, alisikia sauti ya mwisho wa mwaka. Mbele ya macho yake kulikuwa na picha moja tu isiyosogea, mkono wa jitu ukimshika mtu ambaye Shinji alimpenda, kwa takriban dakika moja nzima, kwaya ikiimba. Kisha muziki unakatika na kitu kinaanguka majini. Mpangaji amekata palepale, katikati ya neno la kwaya, na baada yake ameacha sekunde 60 tupu. Lawama yangu hapa ni ya kiufundi: rekodi hii ina sauti ya chini kuliko nyimbo za 16 hadi 20, hivyo unalazimika kupandisha spika, na ukisahau kuishusha unarudia mwanzo kwa mshtuko. Kusawazisha sauti ni kazi ya nusu saa kwa programu ya bure, na toleo lijalo lazima lifanye hivyo.

Zimebaki mbili. Shinji ana kinasa kidogo cha kanda ambacho hujifichia ndani yake kila dunia inapomzidi, na kioo chake huonyesha namba 25, kisha 26, kisha 25 tena. Mpangaji anaomba msikilizaji naye aiweke simu yake irudie nyimbo hizo mbili. Ya 25 ni ile jenereta ya mwanzo, lakini safari hii haizimwi. Ya 26 ni makofi, kwa sababu katuni inaishia kwa watu wote kumzunguka Shinji wakipiga makofi na kumpongeza. Ameyarekodi uani kwa kanisa baada ya mazoezi ya kwaya: watu wachache, wengine wanachelewa, mtoto mmoja anaendelea kupiga wakati wakubwa wameshanyamaza.

Nilifanya kama alivyoomba, Jumanne jioni, umeme ulipokatika. Makofi, jenereta, makofi, jenereta. Katika mzunguko wa nne au wa tano, jenereta ya jirani ilizimwa kweli huko nje, na ile ya kwenye simu ikaendelea kunguruma masikioni mwangu. Nilikaa nayo mpaka betri ikaisha.