paste: amri ya kuunga mistari, nampa nyota nne

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mwanza. Kila mwisho wa mwezi nawatumia wanachama 84 ujumbe wa simu kwa mkupuo, na huduma ya kutumia inataka namba zote ziwe mstari mmoja, zimetenganishwa kwa koma. Orodha yangu ina kila namba na mstari wake. Nilikuwa naziunga kwa mkono, na mara mbili nilimruka mtu. Sasa, kwenye dirisha la kuandikia amri (terminal), naandika:

paste -sd, namba.txt

Herufi s inaunga mistari yote, d inataja kitenganishi. Usipokitaja inaweka tabo. Kabla yake nilitumia tr '\n' ',' inayogeuza kila mwisho wa mstari kuwa koma, ambayo inabakiza koma mwishoni, na orodha nzima ikakataliwa. xargs nayo, amri nyingine inayoweza kuunga mistari, kwenye orodha ya majina, iligoma ilipofika jina la kwanza lenye ng'. Alama ile inaichukulia kuwa nukuu iliyofunguliwa bila kufungwa, na majina ya Kisukuma yenye ng' ni mengi. paste inayapitisha kama yalivyo.

Nilichokipenda zaidi ni vistari. Michango naiandika mistari mitatu mitatu: jina, namba, kiasi.

paste -d, - - - < michango.txt

Kila kistari kinavuta mstari mmoja, kwa hiyo kila mwanachama anapata mstari wake, tayari kufunguliwa kwenye Excel.

Hapo hapo ndipo nyota moja ilipopotea. Amri hii inahesabu mistari tu, haijui kilichoandikwa. Kuna mwanachama hakuwa na simu, nikaacha kuandika mstari wa namba yake. Shilingi 50,000 zake zikakaa mahali pa namba, jina la aliyemfuata likakaa mahali pa kiasi, na wote waliobaki wakasogea. Hakuna onyo lililotoka. Hela za watu hizo! Siku hizi asiye na simu namwekea neno HANA, na kabla ya kuunga naendesha wc -l, inayohesabu mistari, nione kama idadi inagawanyika kwa tatu.

Kitenganishi cha koma na nafasi pamoja hakiwezekani: ukiandika -d ', ' inaweka koma, kisha nafasi, kwa zamu. Faili lililotoka Windows lipitishe kwanza kwenye tr -d '\r', ifute alama isiyoonekana ambayo Windows huweka mwishoni mwa kila mstari. Na wenye Mac, mkiilisha paste matokeo ya amri nyingine badala ya faili, malizieni kwa kistari: paste -sd, -