Vipuri vya chuma vya kifaru cha rimoti: kipi kitangulie

Vifaru vya vita vya kuchezea vya rimoti vya kampuni ya Heng Long, vya kipimo cha 1/16 (sehemu moja ya kumi na sita ya kifaru halisi), yale matoleo ya bei ya chini, huja na minyororo ya plastiki, na wenye navyo wengi hukimbilia kwanza kuivua wavishe ya chuma. Hamu hiyo naielewa. Mnyororo wa chuma unalala vizuri juu ya magurudumu, na kifaru kikitembea unasikia mlio wenye uzito. Lakini ukitangulia peke yake, mnyororo huohuo ndio utakaokiua kifaru chako. Ndiyo maana orodha hii haifuati uzuri wa kipuri. Inafuata njia ya nguvu: inatoka kwenye mota, inapita kwenye gia, inafika kwenye gurudumu la meno, ndipo inaushika mnyororo.

Namba moja ni giaboksi, yaani kisanduku cha gia, na sioni cha kushindana nayo. Kila upande wa kifaru una mota yake na giaboksi yake. Mzigo mkubwa kabisa unakuja kifaru kinapogeuka palepale kiliposimama, hasa juu ya zulia: mnyororo mmoja unakwenda mbele, mwingine nyuma, na yote miwili inaburutwa kiubavu. Hapo ndipo gia laini hunyolewa meno.

Tatizo ni kwamba si kila giaboksi inayouzwa kuwa ya chuma ina gia za chuma kigumu. Nyingine zina ganda la chuma, ndani mna gia za zinki au plastiki. Chukua sumaku ndogo, iguse gia moja moja, mbali na mota kwa sababu mota ina sumaku yake na itakudanganya. Gia ya chuma inanasa. Ya zinki au shaba hainasi. Kama unaagiza mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya gia kwa karibu na umuulize zimetengenezwa kwa nini. Muulize pia kama shafti, yaani ekseli inayotoka kwenye giaboksi, inazungukia kwenye beringi (yenye vigololi) au bushi (pete tupu), na uchague beringi.

Utakuta giaboksi zimeandikwa uwiano wa gia: 3:1, 4:1 au 5:1. Namba ikiwa ndogo kifaru kinakimbia zaidi; ikiwa kubwa kinakwenda polepole lakini kinavuta. Kwa atakayevisha minyororo ya chuma, mimi napendekeza 4:1 au 5:1. Nunua jozi ya aina moja, la sivyo kifaru kitavuta upande. Na usiagize kabla hujasoma namba ya modeli ya kifaru chako: 3818 ni Tiger I, 3898 ni Sherman, 3909 ni T-34/85. Urefu wa shafti unatofautiana kati ya modeli na modeli, na hata mahali pa giaboksi panatofautiana. Tiger na Sherman zinavutwa na magurudumu ya mbele, T-34 na Abrams ya nyuma.

Ikifika, usiifunge moja kwa moja. Paka grisi kidogo kwenye meno, iunganishe na betri hapo mezani, uiache izunguke mbele na nyuma huku ukisikiliza. Mlio uwe wa namna moja. Ukisikia inakwama mahali palepale kila mzunguko, irudishe. Wakati wa kuifunga usikaze skrubu kwa nguvu zote, maana zinaingia kwenye nguzo za plastiki za bodi ya chini, na nguzo ikipasuka giaboksi itacheza.

Namba mbili ni magurudumu ya meno pamoja na yale ya upande wa pili yanayokaza mnyororo. Namba tatu ni minyororo yenyewe. Nimeyatenganisha kwa ajili ya orodha tu. Yanunue siku moja, na ikiwezekana kwa mtengenezaji mmoja, kwa sababu nafasi kati ya jino na jino lazima ilingane na nafasi kati ya pingili na pingili. Isipolingana, jino linapanda juu ya pingili na mnyororo unaruka. Mnyororo wa chuma juu ya meno ya plastiki nao unayasaga, kidogo kidogo, hadi ushindwe kushika.

Ukishauvisha, uangalie ukiwa umesimama. Kwenye Tiger upande wa juu unatakiwa ulegee kiasi cha kugusa magurudumu, kama ilivyokuwa kwenye kifaru chenyewe mwaka 1943. Ukikazwa kama uzi wa gitaa, mota inateseka na betri inaisha mapema. Ukiwa mrefu, sukuma pini moja utoe pingili. Pini hizo huchomoka zenyewe taratibu, hivyo zikague kila mara kabla ya kutoka nje.

Hapa simama upige hesabu. Minyororo ya chuma ni mizito, na anayeagiza kutoka China hadi Dar es Salaam au Mombasa anaweza kukuta nauli inamuumiza kuliko bei. Jumlisha giaboksi, magurudumu na minyororo, kisha linganisha na bei ya toleo la Heng Long ambalo limetoka kiwandani na vitu hivyo, au na bodi nzima ya chini ya chuma. Kama hujanunua kifaru bado, toleo kamili mara nyingi ndilo la busara, tena linakuepusha na vipuri visivyolingana.

Namba nne ni mikono inayobeba magurudumu ya katikati, na springi zake. Uzito umeongezeka, na mikono ya plastiki ikianza kupinda kifaru kinakaa chini upande mmoja. Weka ya chuma, na skrubu zinazofunga magurudumu zitie tone la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea.

Magurudumu ya katikati ya chuma nayaweka ya tano. Tiger ina mengi yaliyopishana, kwa hiyo uzito unapanda haraka huku faida ikiwa ndogo.

Mtutu wa chuma, ndoano na vifuniko vinakuja mwisho. Vinapendeza sana kwenye picha, ila kabla ya kulipia mtutu hakikisha ni mwepesi, wa alumini, kwa sababu kimota kinachouinua mzinga ni kidogo.