Seti ya kukarabati kabureta ya Solex kwenye Beetle ya zamani: uzoefu wangu

Seti ninayoizungumzia ni ya kabureta ya Solex 34 PICT-3, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ile inayokaa juu ya injini ya cc 1600 kwenye Volkswagen Beetle za kuanzia 1971. Niliinunua wakati gari langu limeshapigwa bodi na rangi hapa nyumbani, likabaki na ugonjwa mmoja tu: mafuta. Niseme mapema kwamba seti ni nzuri na ningeinunua tena. Ila haifai kufungwa peke yake. Petroli inaanzia kwenye tangi, na kama tangi lina kutu na mipira imeoza, uchafu utafuata njia ile ile mpaka kwenye kabureta uliyoitoa kuisafisha jana. Nimesoma malalamiko mengi ya watu wanaosema seti za namna hii ni mbovu, na naamini wengi wao wanailaumu seti kwa kosa la tangi.

Gari lilikuwa linawaka kwa taabu likiwa baridi. Likishapata moto linazima kila nikiachia pedali, na nikikanyaga ghafla linakohoa kwanza ndipo lichukue mwendo. Juu ya hayo kulikuwa na harufu ya petroli isiyoisha na plagi zilizojaa masizi. Dalili hizi hazitoki mahali pamoja. Kuzima ukiachia pedali mara nyingi ni jeti ndogo iliyoziba, yaani kijitundu cha kupimia petroli kinacholisha injini ikiwa inaunguruma taratibu, au solenoidi iliyokufa, ile vali ya umeme inayokata mafuta ukizima swichi. Kukohoa ni diaframu, yaani utando laini, ya pampu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta, inayorusha petroli ya ziada ukikanyaga. Harufu na masizi ni sindano isiyofunga, ile inayosukumwa na floti (boya) kuzuia petroli bakuli la kabureta likijaa. Solenoidi unaweza kuipima bila kufungua kitu chochote: washa swichi bila kupiga starta, chomoa waya wake kisha uguse tena. Ukisikia "tik", iko hai. Yangu ilikuwa hai, kwa hiyo nikajua kazi iko ndani.

Ndani ya pakiti kulikuwa na diaframu, sindano ya floti na kiti chake, washa za unene tofauti, gasketi ya mfuniko, gasketi ya chini inayokaa kwenye manifoldi (bomba la kuingizia mchanganyiko kwenye injini), na pete za mpira za skrubu za kurekebishia. Jeti hazimo, wala hazihitajiki. Jeti za shaba hazichakai upesi, zinataka kusafishwa tu. Usizichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka hata kidogo, kipimo cha mafuta kimeharibika. Dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa vinatosha, na hewa ipite kwenye kila kijitundu cha bodi ya kabureta, si kwenye jeti peke yake.

Kilichonifurahisha zaidi ni diaframu. Niliiweka mezani pamoja na ile ya zamani. Ya zamani ilikuwa imekakamaa, ukiikunja kidogo unaona nyufa nyembamba zinazozunguka kile kichuma cha katikati, na ukiiinua kwenye taa mwanga unapenya. Mpya ilikuwa laini, unene wake sawasawa kila upande, na matundu ya skrubu yalikaa mahali pake bila kuvutwa. Baada ya kuifunga, nikivuta waya wa mafuta injini ikiwa imezimwa, naona mrija mdogo unarusha petroli safi na iliyonyooka ndani ya koo la kabureta. Kule kukohoa kukaisha hapo hapo.

Sindano nayo niliipima kabla ya kuiamini. Niliifunga kwenye mfuniko, nikaubana uzi wake sawasawa, nikageuza mfuniko juu chini, nikaibonyeza sindano taratibu kwa kidole na kupuliza kupitia kipande safi cha mpira. Hewa haikupita. Zingatia washa inayokaa chini ya kiti cha sindano, kwa sababu unene wake ndio unaoamua kiwango cha petroli kwenye bakuli la floti. Nyembamba mno, kiwango kinapanda na kabureta inafurika. Nene mno, injini inakosa mafuta ukiwa kwenye mwendo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna seti itakayokitengeneza, na kila mwenye Beetle akikague leo. Petroli inaingia kwenye kabureta kupitia kijimrija cha shaba kilichosukumwa tu ndani ya mfuniko, hakina uzi. Kwa joto na mtikisiko wa miaka kinaweza kulegea, na kikichomoka, petroli inamwagika juu ya injini ya moto, karibu na delko, kigawa umeme wa plagi kinachotoa cheche. Beetle nyingi zimeungua kwa njia hiyo. Kishike kwa koleo na ukizungushe kwa upole. Kikicheza, mpelekee fundi akitie uzi au akifunge imara, na gari lisitembee mpaka hapo.

Sasa tangi. Kwenye Beetle liko mbele, chini ya boneti, na kulitoa si kazi ngumu: legeza boliti zinazolishikilia pembeni, chomoa mpira wa chini na waya wa geji. Petroli yote iwe imetolewa kwanza, nje, mbali na moto wowote. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Asikaribie mtu na mashine ya kuchomelea wala grainda. Ndani ya langu kulikuwa na vumbi jekundu la kutu na chujio la kwenye mdomo wa kutokea lilikuwa limeziba karibu lote. Nililiosha kwa maji ya moto yenye asidi ya sitriki, nikatia vipande vya mnyororo na kulitikisa, kisha nikasuuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, na kulikausha kwa hewa haraka kabla kutu mpya haijaanza.

Petroli ya siku hizi katika nchi nyingi ina ethanoli, na ethanoli huvuta unyevu. Gari likikaa sana bila kutembea, maji yanaweza kujitenga na kulala chini kabisa ya tangi. Ethanoli hiyo hiyo inaila mipira ya zamani. Mipira ya asili ya Beetle imevikwa kitambaa kwa nje, na hapo ndipo hatari ilipo: kitambaa kinaonekana kizima wakati mpira wa ndani umeshapasuka. Usiikague kwa macho, badilisha yote. Ipo ya mbele inayotoka kwenye tangi kwenda kwenye paipu ya chuma inayopita katikati ya sakafu, ipo ya nyuma karibu na giaboksi, na ipo ya kwenye injini. Tafuta mipira iliyoandikwa SAE J30 R9, inayostahimili ethanoli, na klipu zinazobana mduara mzima. Filta ya plastiki niliiweka chini ya gari pale paipu inapotokea nyuma. Watu wengi huining'iniza kwenye injini juu ya delko, na mimi sikubaliani nao kabisa, maana ikivuja petroli inadondoka palepale penye cheche.

Pampu ya mafuta yangu ilikuwa nzima, lakini ichunguze. Chomoa dipstiki uinuse. Oili ikinuka petroli, huenda diaframu ya pampu imepasuka na mafuta yanashuka ndani ya injini. Ukinunua pampu mpya, ulizia kama ni ya gari lenye jenereta au lenye altaneta, maana fimbo ya kuisukuma ina urefu wa milimita 108 kwa ya kwanza na 100 kwa ya pili. Na pampu yenye msukumo mkubwa kupita kiasi itaishinda sindano yoyote, hata ikiwa mpya kabisa.

Kurekebisha kulikuwa kwepesi, kwa sharti kwamba nafasi ya vali imewekwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi na taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, iko sawa. Kabureta hii ina skrubu mbili ubavuni. Ndogo ni ya mchanganyiko: ikaze taratibu mpaka ikae, kisha ilegeze mizunguko miwili na nusu kama pa kuanzia. Kubwa ni ya mwendo wa injini, nami niliuweka karibu na mizunguko 850 kwa dakika. Ile skrubu ya kwenye mkono wa throto (kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga pedali) haiguswi kwa kazi hii, ingawa ndiyo kila mtu anayoikimbilia.

Upungufu wa seti ni kwamba inatengenezwa kutoshea kabureta kadhaa za Solex, kwa hiyo unabaki na gasketi zisizo zako, na karatasi ya maelezo haikuambii ipi ni ipi. Lazima ulaze mpya juu ya ya zamani, tundu kwa tundu. Pia haina bushi, yaani vipete vya kushikilia shafti ya throto. Yangu inacheza kidogo, na nikipulizia dawa ya kabureta pembeni yake injini inabadilisha mlio, dalili kwamba inavuta hewa ya pembeni. Gari sasa linawaka vizuri, halinuki tena na halizimi, lakini sehemu hiyo itakwenda kwa fundi wa kukereza vyuma aitie bushi mpya.